Alama za Vidole Ndani ya Sanduku la Chuma

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukimsifia kazi yake, kichwa kinavimba siku mbili. Kila kiungo lazima akipapase. "Kidole changu kinaona kuliko miwani yako," ananiambia.

Binti yetu anasoma chuo kikuu. Anapima mambo yanayotokea nyota inapolipuka. Alihitaji sanduku la chuma lisilopitisha hewa, na kazi hiyo akampa baba yake. Mashine ya maabara alikuwa amepewa kwa siku tatu tu. Zikipita bila kipimo, angesubiri mwaka mzima.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, akapiga simu analia.

"Baba, sanduku linaharibu kipimo."

"Linavuja? Haiwezekani!"

"Halivuji. Njooni tu."

Tukaenda. Mume wangu alinuna njia nzima. Maabarani tulimkuta mama anayetunza mashine, mtu mcheshi.

"Fundi, umechomelea vizuri sana," alisema. "Lakini ndani uligusa kwa mkono mtupu?"

"Sasa ningejuaje kama ni laini?"

"Ehee! Basi uliacha mafuta ya ngozi. Huyaoni, lakini yapo, na yanatoa mvuke. Sisi tunarusha chembe ndogo mno zigonge kipande chembamba kilichomo humo. Sasa zinagonga na mafuta yako. Kompyuta inahesabu vidole vyako badala ya nyota!"

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka.

"Nimekuponza, mwanangu," alimwambia binti yetu. Nilimhurumia sana.

"Dawa ipo," yule mama alisema. Akatupa glavu mpya. "Safisheni kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha tutalipasha moto mpaka kesho, mafuta yaliyobaki yatoke. Na glavu usivue, fundi!"

Tulisugua kila kona. Siku ya pili sanduku lilishinda kwenye joto, hewa ikinyonywa. Siku ya tatu asubuhi mashine ikawashwa.

"Mnarusha chembe ngapi?" mume wangu aliuliza.

"Mabilioni kwa mabilioni kila sekunde," binti yetu alijibu. "Karibu zote zinapita bure. Mojamoja tu inaungana na kiini cha atomi, kama inavyotokea kwenye nyota. Tukijua zinaungana mara ngapi, tunaweza kukokotoa nyota inayolipuka inatengeneza vitu gani, na kwa kiasi gani."

"Vitu kama nini?"

"Vingi, baba. Hata chuma. Chuma cha sanduku hili kilitengenezwa na nyota. Zililipuka kabla dunia haijakuwepo, zikakitawanya."

"Chuma hiki hiki? Ninachokata kwa msumeno?"

"Hicho hicho."

Miaka thelathini anakishika, na hakujua. Mimi mwili ulinisisimka. Nilitazama vyuma vyote mle chumbani, hata miguu ya meza, nikaogopa kuegemea.

Saa nane mchana nukta moja, alama ya chembe iliyoungana, ikatokea kwenye skrini, palepale binti yetu alipoitarajia. Tulibana pumzi. Baadaye ikaja ya pili. Hadi jioni zilikuwa tisa.

"Zinatosha?" mume wangu alinong'ona.

"Zinatosha, baba. Nimepata kipimo changu!"

Nilimkumbatia binti yangu, nikamwambia twende nyumbani akalale. Mume wangu alikuwa ameshavuta kiti mbele ya skrini.

"Bado dakika ishirini mashine izimwe," alisema. "Nyie tangulieni. Mimi naisubiri ya kumi."