Spea ya Laban

Jumanne moja ya Mei 1986, jirani yangu Laban alinunua tairi jipya. Tuliishi Ganda, nje kidogo ya Malindi, nyumba mbili zenye ukuta mmoja katikati. Yeye alitoka Machakos, akaja pwani na mkewe Mwikali, na kazi yake ilikuwa kubeba samaki kwa pikapu, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Nilikuwapo aliponunua tairi hilo, na nilikuwapo siku mbili baadaye. Sikusimuliwa na mtu.

Alilinunua kwa shauri la Kahindi, fundi wa pancha pale Muyeye. Spea ya zamani ilikuwa imechakaa hadi waya zikaonekana.

"Hii ina upara kuliko babu yangu," Kahindi alisema. "Na babu yangu habebi samaki."

"Spea inalala tu. Haitembei."

"Ndiyo maana watu huikumbuka porini. Spea ni kama mtungi wa maji. Usingoje kiu ndipo uchungulie."

Laban alicheka, akanunua. Kahindi akasimamisha thumni kati ya meno ya tairi jipya. Maandishi ya ukingoni mwa sarafu yote yakazama. Vile vinywele vya mpira, ambavyo hukatika tairi likianza kutembea, vilikuwa bado vimesimama. Laban hakulitundika chini ya gari kwa kuogopa wezi. Alililaza nyuma ya kibanda cha dereva, akalifunga kwa mnyororo na kufuli, akalifunika turubai. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Alhamisi tulikwenda Ngomeni. Yeye alifuata mzigo, mimi, na daftari langu, nilifuata habari ya bei ya samaki. Kufikia saa sita mchana gari lilikuwa limejaa, barafu inayeyuka, nami nimekwisha kukaa mbele. Akaja Bi Radhia, mama aliyetuuzia chai kila safari. Nyuma yake wanaume wanne walibeba kitanda. Juu yake alilala bintiye, Nana, amefunikwa kanga nyekundu ya kisutu. Uchungu ulimshika tangu alfajiri na mtoto hakuja. Mkunga alikuwa ameshindwa.

"Shikamoo, mama," Laban alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tufikishie huyu hospitali ya Malindi."

Laban aliwatazama samaki. Kumpakia Nana kulimaanisha kushusha mzigo wote juani.

"Njia ya mashamba ya chumvi imelowa, mama. Na sina spea. Tukipata pancha kule, atateseka zaidi."

"Huna?"

Upepo ulikuwa umefunua pembe ya turubai. Mpira mweusi ulionekana, na mnyororo. Bi Radhia aliutazama. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari langu.

"Sina," Laban alisema.

"Haya. Umesema mwenyewe."

Hakupaza sauti. Aligeuka, na kitanda kikageuka pamoja naye. Tulifika Malindi bila pancha. Nana alikufa kabla ya alasiri, mtoto akiwa tumboni.

Laban hakurudi Ngomeni tena. Alianza kubeba mihogo na korosho za Ganda, kwenye udongo mwekundu. Wiki tatu zikapita. Siku moja, tukiwa Muyeye kutia upepo, Kahindi akafunua turubai.

"Hii umeifunga lini kwenye gari?"

"Sijaifunga."

"Mimi si mkeo, Laban. Mimi usinidanganye."

Vinywele vya mpira havikuwapo. Meno yalikuwa yamelika nusu. Kahindi alisimamisha thumni, na maandishi yote yakabaki nje. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Laban. Magurudumu manne ya gari yalikuwa mekundu kwa udongo wa Ganda. Kahindi alichokoa kati ya meno ya spea kwa bisibisi, likatoka tope jeupe. Akaligusa kwa ulimi.

"Chumvi," alinong'ona. "Na tope bado bichi."

Ikabidi tumsimulie habari ya Bi Radhia na bintiye. Kisha Kahindi akaweka bisibisi chini.

"Nenda kwa yule mama. Mwambie ulikuwa nayo. Atatia maji kinywani, atayatema chini, na neno lake litakwisha. Kwetu neno la namna hiyo huondolewa na aliyelitoa. Mganga hafiki hapo."

"Niende niseme nilikuwa nayo?" Laban alikuwa shemasi kanisani kwao. "Mbele ya waliobeba jeneza? Nitabadilisha tairi."

Alibadilisha. La pili lilikwisha kwa siku tisa. La tatu kwa sita. Baada ya hapo akaacha kufunua turubai.

"Nitabadilisha mwisho wa mwezi," aliniambia. "Si halitumiki?"

Sikumsukuma. Kumsukuma aende Ngomeni kungenilazimu kwenda naye.

Tarehe ishirini na nne Julai, saa nane mchana, Mwikali aligonga ukuta. Binti yao Nduku, wa miaka sita, alikuwa na homa tangu jana yake. Sasa macho yalikuwa yamepinduka na meno yameumana. Laban alimweka mbele, juu ya mapaja ya mamake. Mimi nilipanda nyuma.

Tulikwenda kama maili mbili. Gari likayumba. Pancha.

Barabara ilikuwa tupu. Jua kali. Laban alitia jeki, akalegeza nati, akaja nyuma na ufunguo mkononi. Alifungua kufuli. Alivuta turubai.

Tairi halikuwa na meno hata moja. Waya zilikuwa nje. Mpira wa ndani ulikuwa umechomoza kwenye ufa, na tope jeupe lilikuwa likidondoka. Tone. Tone. Mbao za chini zilikuwa zimelowa. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku kumi na moja.

Laban aliliwekea mkono, akauondoa upesi.

"Lina moto," alininong'oneza. "Kama limetoka barabarani sasa hivi."

Mwikali aliita kutoka mbele. "Baba Nduku, unangoja nini?"

"Sina spea."

"Huna?"

Mwikali hakuwa Ngomeni siku ile. Hakuna aliyekuwa amemsimulia. Lakini aliliuliza kwa sauti ileile, polepole vilevile. Laban alikaa chini barabarani.

Ni mimi niliyembeba mtoto. Tulikwenda kwa miguu. Lori moja lilitupita, dereva akapunga mkono, hakusimama. Tulifika hospitali saa kumi kasoro dakika tano. Nesi alimgusa Nduku shingoni, kisha akatuuliza kwa nini tumechelewa.

Siku iliyofuata mazishi Laban alikwenda mjini, akanunua tairi jipya. Mwikali alimwona akiliteremsha, akaingia ndani kufunga mizigo yake. Mwezi wa tisa pikapu iliuzwa, wakarudi Machakos, kila mmoja kwa basi lake. Asubuhi ya kuondoka Laban aliniletea lile tairi.

"Kaa nalo wewe," alisema. "Huna gari. Halitakwenda mahali."

Nililitundika kwenye msumari ndani ya stoo, vinywele vyake vimesimama, nikafunga mlango. Bi Radhia bado yu hai. Anauza chai palepale. Ngomeni ni safari ya nusu siku, kwenda na kurudi, nami kila mwaka hupata sababu ya kutokwenda.

Jana niliingia stoo kutafuta jembe. Msumari umepinda. Tairi liko palepale, jeusi, laini kama sahani. Nilisimamisha thumni, ikateleza ikaanguka. Sakafuni, chini ya tairi, pana tope jeupe, na ndani ya tope mna uzi mwekundu wa kisutu.

Niliukamua uzi huo kwa vidole. Ulitoa maji.