Kishona Nguo Kwenye Suruali

"Revelian, hebu niambie tena uko wapi."

"Finland, mpenzi. Msituni. Si nimekutumia picha sasa hivi?"

Sekela alikaa ukingoni mwa kitanda chumbani kwake Mtoni, simu sikioni. Jumapili tangazo la kwanza la ndoa yao lingesomwa kanisani, na baba yake alishautangazia mtaa mzima kwamba mkwe anasomea mimea Ulaya. Bibi harusi mtarajiwa sasa anaogopa picha moja.

"Nimeiona. Misonobari mizuri. Miaspeni iko wapi?"

"Iko nyuma huko."

"Si ulinifundisha mwenyewe mwaka jana? Ukasema huko misonobari inaota pamoja na miaspeni, ile ya majani yanayotetemeka hata upepo ukitulia, na chini yake vichaka vya bluberi. Mbona suruali yako imejaa kishona nguo, mbegu za magugu ya huku kwetu zinazonasa nguoni?"

"Rev, mie nimekulia Tukuyu. Nimekichambua kwenye sketi ya shule miaka saba. Una mwanamke mwingine? Niambie tu, naogopa."

"Sina mwanamke."

"Basi uko wapi?"

Simu ikakatika. Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia:

"Niko Mufindi, hapa hapa nchini. Ufadhili ulikatika mwezi wa tatu, nikarudi. Nagema utomvu wa misonobari. Niliogopa baba yako atanikataa. Na wewe pia."

Alilia, hasira na ahueni kwa mpigo. Kisha akaandika:

"Jumapili uje umwambie baba mwenyewe. Usipokuja, wakiuliza mwenye pingamizi, nitasimama mimi."

Hakujibiwa. Siku tatu simu ya Revelian haikupatikana, na Sekela hakula la maana.

Jumapili mzee wa kanisa akasoma: "Revelian, mwanafunzi nchini Finland, na Sekela wa mtaa huu. Kuna mwenye pingamizi?"

Sekela aliinuka. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma kabisa:

"Sina pingamizi. Ila siko Finland. Nilirudi, nagema utomvu Mufindi. Shikamoo baba. Nisamehe, nilikuogopa."

Kanisa zima likageuka. Revelian alikuwa mlangoni na begi lake, midomo imemkauka. Baba hakuitikia. Alimtazama binti yake, aliyekuwa bado wima.

"Na wewe umesimama kwa nini?"

Sekela hakuwahi kumwogopa baba yake kiasi kile.

"Nimesimama naye, baba."

Baba akasogea kwenye benchi kuwapa nafasi.

"Basi njooni mkae. Mtanieleza nyumbani."