Pale Alipomwachia Jini Nafasi

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza asubuhi, kwenye kile chumba cha kurekodia kilichozibwa magodoro kuta zote. Fundi mitambo alinusa waya mmoja mmoja, wala hakuna kilichoungua. "Labda pua zetu tu," akamwambia mwigizaji, wakaendelea na kazi. Pua zetu! Tangu lini pua mbili zikadanganywa pamoja?

Mwigizaji huyo, nyota wa podikasti yao ya michezo ya kutisha, siku hiyo aliigiza mama anayemlilia jini amwachie mwanawe. Sauti ya jini ingerekodiwa baadaye na mtu mwingine, kwa hiyo yeye alikuwa akisema maneno yake, ananyamaza kidogo kumwachia jini nafasi ya kujibu, kisha anaendelea. Ndivyo walivyozoea.

Ila roho yake haikuwa pale. Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kuongea, alikuwa kalala nyumbani kwa bibi yake, homa imemkaba na dawa hazifui dafu. Machozi ya kweli yalipomjia, maskini, akalisahau jina la mtoto wa mchezoni.

"Mwachie Chiriku wangu! Taka chochote!"

Akanyamaza. Kwenye mchezo, hapo jini hudai bangili.

"Chukua. Nimekupa."

"Dada, umeua!" fundi alishangilia nyuma ya kioo. Akarudisha wasikilize, na rangi ikamtoka usoni. Katika nafasi ile iliyoachwa tupu palikuwa na pumzi nzito, kavu, kisha maneno mawili: "Sauti yake."

"Nani kasema?" mama alinong'ona.

"Haki ya Mungu si mimi, dada."

Simu ikaita. Bibi alikuwa akicheka na kulia. "Homa imeshuka, mwanangu! Kaamka, kanywa maji. Ila… anafungua mdomo, hakitoki kitu."

Mama akakirukia kipaza sauti, akapiga magoti, akaomba bila maandishi yoyote, akasema mtoto arudishiwe na yeye achukuliwe sauti, macho, uhai, chochote, akanyamaza kumpa jini nafasi, akaomba tena, akanyamaza tena, na ile harufu ikazidi kukolea mpaka koo likamwasha. Jini hakujibu. Zilizojibu ni spika, kwa kisauti alichokijua tangu kilio cha kwanza cha binti yake.

"Mama, mbona huku giza?"

Fundi alinyoosha mkono kwenye swichi ya kuzima mitambo.

"Mama, mwambie asizime," Chiriku akalia. "Akizima nitakuwa wapi?"