Daftari la Kuyumba

Kila asubuhi Esinam alifagia uwanja, akachochea moto wa uji, kisha akashika kalamu.

"Mama, leo ardhi inayumba kiasi gani? Sifuri hadi kumi."

Mama, akiwa amekumbatia nguzo ya jiko kama mtu anayezuia nyumba isiruke, alijibu, "Nane."

Mwaka uliopita Mama alisafiri siku mbili kwenye Ziwa Volta, ndani ya boti iliyosheheni viazi vikuu hata samaki wakasogea kuipisha. Aliposhuka kwenye bandari ya Kpando, boti ilibaki ziwani, lakini mawimbi yake yalimfuata mpaka kitandani, na hayajaondoka hadi leo. Ajabu ni kwamba akipanda gari hutulia kabisa. Likisimama tu, ardhi huanza tena.

"Abla, leo umeonja gongo mapema!" wachuuzi wenzake walimtania sokoni.

"Nionjesheni basi, angalau niyumbe kwa sababu!" alijibu.

Aliyeamini kuwa Mama anaumwa kweli alikuwa Daktari Korkor wa hospitali ya mjini. Alikuwa akiutafiti ugonjwa huo, ambao ni adimu kiasi kwamba nchi nzima alikuwa amepata wagonjwa kumi na mmoja tu. Aliwafundisha zoezi la macho na shingo, akampa kila mmoja daftari la kuandika namba ya siku. Mama hakujua kusoma, hivyo kazi ya kuandika ikawa ya Esinam.

Wiki mbili aliandika nane, nane, nane, mpaka moyo ukamchoka. Tena kwao mtu akikuuliza hali, hata kama umevunjika mguu, unajibu "njema". Kumpelekea daktari mwema namba mbaya kila siku aliona ni utovu wa adabu. Na asipoona nafuu, si atamwacha Mama? Basi Mama aliposema nane, Esinam akaandika saba. Baadaye sita. Wiki ya sita ilipoisha, Mama alikuwa amefika mbili, kwenye karatasi.

Siku ya kurudi hospitali, daktari alifungua daftari, uso ukamng'aa.

"Mama Esinam! Wewe ndiwe wa kwanza kupata nafuu! Kuna bibi mmoja wa Keta, zoezi hili linamtapisha. Nilitaka kumwachisha, lakini sasa nitamwambia avumilie. Hebu simama hapa, ufumbe macho."

Mama akafumba. Daktari hajafika tatu katika kuhesabu, Mama akaanguka. Muuguzi alimdaka.

"Na daftarini mmeandika mbili?" daktari alishangaa.

"Mbili gani?" Mama akauliza. "Mimi nimesema nane mpaka ulimi umeota sugu."

Esinam alitamani sakafu immeze. Akisema, huenda Mama akatolewa kwenye utafiti. Akinyamaza, bibi wa Keta ataendelea kutapika.

"Ni mimi," alisema. "Nilipunguza. Nilitaka apone. Tafadhali, usimwache."

Daktari hakufoka. Alipiga mstari mrefu kwenye kurasa za wiki nne.

"Hizi zimepotea, hatuwezi kuzirudisha," alisema. "Mama yako simwachi. Lakini sitakudanganya, binti: tiba yake bado siijui. Huenda nisiijue mwaka huu, wala ujao."

"Sasa mimi nifanye nini?" Esinam aliuliza akilia.

"Uandike anachosema. Hakuna kingine." Akamgeukia Mama. "Sasa hivi ni ngapi?"

"Tisa," alisema Mama.

Esinam akaandika tisa.

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Mwanangu, mawimbi haya huwezi kuyatuliza, wala mimi siwezi. Ila usiniponye tena kwa kalamu. Ulitaka kunisaidia mimi, na ungemuumiza mama wa mwenzio. Uongo wa huruma nao ni uongo. Andika ukweli hata kama unauma, ili siku nitakaposema sifuri, watu waniamini."