Chiriku Akalia Kitabu

Kila asubuhi, mama akishafunua cherehani yake sebuleni, Chiriku na binamu yake hujipanga mkekani, kila mmoja na kishikwambi alichoazimwa na shule. Shule yao ilikuwa ikiezekwa upya, kwa hiyo masomo yote yalihamia mtandaoni.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Zamani yeye ndiye aliyejibu kila swali. Tangu binamu ahamie kwao, mambo yaligeuka. Binamu alikuwa ameugua muhula mzima, lakini akijibu, mwalimu husema, "Vizuri sana!" Na mama naye hudakia kutoka kwenye cherehani, "Umemsikia mwenzako?" Chiriku alimsikia sana. Roho ilimuuma hata chai ikamshinda.

Jumatatu mwalimu alimwambia binamu, "Ijumaa nitakupa jaribio la sayansi. Ukishindwa, itabidi urudie darasa. Soma kile kitabu cha marudio katika maktaba yetu ya mtandaoni. Nakala ni moja tu. Mtu akiiazima, wengine wanasubiri airudishe."

Somo lilipokwisha, binamu alikwenda kwanza kukunja nguo za wateja. Chiriku hakungoja. Alibonyeza "Azima," kitabu kikaingia kwake.

"Mama mdogo, kimeshachukuliwa," binamu alimwambia mama yake Chiriku, akijilazimisha kutabasamu. "Nitajaribu kesho."

"Labda kuna mtu anakihitaji," Chiriku alisema, macho dirishani.

Kesho yake ikawa vilevile. Chiriku hakufungua hata ukurasa mmoja, na hakukirudisha. Jumatano binamu alilia kimyakimya, akijifuta kwa pindo la gauni. Chiriku alitazamia kufurahi, lakini aligeukia ukutani asimwone.

Alhamisi mwalimu alisema, "Chiriku, naona kitabu kiko kwako. Hebu tueleze, sura ya kwanza inahusu nini?"

Darasa zima lilimkodolea macho kwenye kioo. Nyuma yake cherehani ilinyamaza.

"Sijakisoma, mwalimu," alisema hatimaye, machozi yakimtoka. "Nilikichukua ili yeye asikipate. Nilimwonea wivu." Akamgeukia binamu. "Nisamehe, dada."

Akabonyeza "Rudisha" palepale. Mwalimu akasogeza jaribio mbele kwa wiki moja.

Binamu alinuna mchana kutwa, na alikuwa na haki. Jioni ndipo aliposogeza kishikwambi katikati ya mkeka. "Haya, niulize maswali. Lakini usinijibie, nakujua!" Wakacheka wote wawili.

Binamu alifaulu. Siku hiyo mama alimwita Chiriku karibu na meza ya kukatia nguo.

"Mwanangu, mtu akikalia mkasi wangu, yeye hakati na mimi sikati. Wivu ndivyo ulivyokufanya. Mwenzako umemchelewesha, na wewe hukupata hata neno moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi kiazime tena. Safari hii ukisome."