Chupa Yenye Harufu ya Moshi

Akiru alikufa asubuhi, sindano ikiwa bado imechomekwa mkononi mwake. Alikuwa na miaka sita. Natabo, mama yake, aliketi sakafuni mwa zahanati bila kulia.

Inspekta Emuria alimgeukia Daktari Huka. "Ulimdunga nini?"

"Dawa ya majaribio. Vidudu vyake vimezoea dawa zote za kawaida. Hii imefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata hadubini yangu haivioni. Vinaipeleka mpaka kidudu kilipojificha. Ni nyeupe kama maziwa."

Kwenye kitanda cha pili, mtoto Sadia alihema kwa shida. Ugonjwa uleule. Chupa iliyofuata ilikuwa yake.

Emuria aling'oa mfuniko wa chupa ya Akiru, akanusa. Moshi. Harufu aliyoijua tangu utotoni, ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kabla ya ng'ombe kukamuliwa.

"Haya ni maziwa, daktari. Ufunguo wa friji anao nani?"

"Mimi na Jirma wa stoo."

Jirma aliingia akipangusa mikono. "Salaam aleikum, Inspekta."

"Aleikum salaam. Kaa. Asubuhi ulikunywa nini?"

"Chai tu, mzee."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Kwa ukame huu? Toka hapa mpaka Ngaremara hakuna ng'ombe anayekamuliwa. Ng'ombe wako anakula nini, simiti?"

Jirma akaendelea kupangusa mikono iliyokwisha kukauka.

"Wiki jana kiwele chake kilikuwa kimevimba, kinatoa usaha. Mtaa mzima wa Chechelesi ulijua. Nani alimtibu?"

"Mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Dawa za mifugo zilishindwa. Nikasikia daktari akisema hii inaua vidudu sugu. Nikaichukua nikamdunga ng'ombe, nikajaza maziwa, chupa zisionekane tupu. Nilidhani maziwa hayadhuru mtu."

"Kwenye mshipa wa mtoto?"

"Watoto wangu wanaishi kwa ng'ombe huyo mmoja, Inspekta. Walikuwa na njaa."

"Na Akiru hakuwa wa mtu?" Emuria hakupaza sauti. "Iliyobaki iko wapi?"

"Chini ya mtungi wa maji, nyumbani. Chupa moja. Niliiweka, ugonjwa ukirudi."

Emuria alimwachia konstebo aliyesimama mlangoni amfunge Jirma pingu, akaendesha Landrova mwenyewe. Uani kwa Jirma, ng'ombe alikuwa akitafuna boksi la dawa. Kiwele kilikuwa kimepona kabisa.

Emuria aliporudi na chupa, Daktari Huka alimdunga Sadia ile dawa. Mtoto akalia, kilio cha nguvu, na mama yake akamkumbatia.

Natabo aliinuka, akaitazama ile chupa iliyotoka kwa Jirma.

"Hiyo ilikuwa ya nani?" akauliza.

Emuria akavua kofia.