Damu Iliyogoma Kuganda

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na kelele za shangazi. Kabla hajakalia cherehani yake, lazima amgombeze mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Chiriku, binti wa kaka yake. Siku hiyo Chiriku, msemaji yule, hakujibu hata neno. Shavu lilikuwa limevimba.

"Jino tena? Twende likang'olewe. Na ole wako nisikie umegusa vidonge vya babu yako!"

Lo! Onyo lilichelewa. Chiriku alikuwa ameshavimeza kwa siri, jana na juzi, maana jino likiuma halina adabu.

Daktari wa meno naye alikuwa amekunja uso. "Umemeza dawa yoyote?"

"Sijameza," akajibu Chiriku, jicho likiwa kwa shangazi.

Jino likang'oka. Pamba ya kwanza ikalowa damu, ya pili ikalowa, ya tatu nayo vilevile. Shangazi akawaka.

"Wewe daktari au mchinjaji? Mtoto atanifia hapa! Nitakushtaki leo hii ufukuzwe kazi!"

"Usinipandishie sauti, mama. Kuna jambo mnanificha."

Hofu ya kufa ikaishinda hofu ya Chiriku kwa shangazi. "Ni mimi," akasema kwa shida. "Nimemeza aspirini za babu."

"Mwongo mkubwa wewe!" daktari akafoka, huku akitia uzi kwenye sindano. "Babu kapewa zile ili damu yake isigande ovyo! Ndani ya uboho wa mifupa yako mna seli kubwa zinazomeguka vipande vidogo mno, chembe sahani. Ukijikata, hukimbilia jeraha, zikashikana na kuliziba, kisha nyuzinyuzi za damu zikakikaza kizibo hicho. Aspirini imezizuia zisishikane. Zilizoharibika hazitengemai, mpaka mifupa itoe nyingine."

Akashona ufizi, akatia dawa ya kugandisha damu, akaamuru pamba iumwe kwa nguvu. Damu ikapungua, hatimaye ikakoma.

"Nilikuita mchinjaji," shangazi akanung'unika.

"Nilisikia," akajibu daktari, bila kumtazama.

Njiani shangazi alitangulia kwa hasira, kisha akasimama ghafla.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari hutibu kwa anayoambiwa. Kwa uongo wako nilitaka kumnyang'anya mtu riziki yake, na wewe ungenifia mikononi." "Na kama ni ukali wangu uliokufunga mdomo, basi na mimi nina kosa. Lakini leo usitegemee nitacheka nawe."

Chiriku akaitikia kwa kichwa, akiuma pamba yake.